Sio app jamani, ni Helios

Wiki iliyopita niliposti picha ya bi harusi kasimama mbele ya miembe, majani nyuma yake yanazunguka kama maji yanavyoingia kwenye tundu la sinki, basi inboksi yote ikawa swali moja: kaka umetumia app gani? Sio app. Ni Helios 44-2, milimita 58, f/2 (tundu lake la mwanga likiwa wazi kabisa; namba ikipanda tundu linabana), lenzi iliyokuwa ikiuzwa na kamera za Zenit enzi za Wasovieti. Kiwanda cha KMZ kule Krasnogorsk, jirani na Moscow, kiliiga ramani ya lenzi ya Biotar ya Carl Zeiss Jena ya Ujerumani, ndo tukapata huu utamu kwa bei ya wanyonge.

Ule mzunguko kitaalamu ni kasoro kabisa. Mwanga unaokuja kwa pembeni unakatwa na bomba la lenzi, kwa hiyo viduara vya mwanga vya katikati vinabaki mviringo, vya pembeni vinabanwa vinachongoka, na vyote vinajipanga kumzunguka mtu wako. Lenzi za kisasa zimetengenezwa kwa mahesabu ya kuipunguza kasoro hiyo, ndo maana picha zetu zote siku hizi zinafanana, samahani lakini ukweli ndo huo.

Kuna bosi mmoja nilikuwa nampigia harusi, jina naliacha. Alinikuta nimeifunga kwenye kamera akaniambia mbele ya maharusi, toa hilo kopo. Nikatoa, maana siku hiyo nilikuwa natafuta hela ya kodi. Zile nilizokuwa nimeshapiga akazichukua, na mpaka leo moja imekaa juu kabisa kwenye ukurasa wake, jina langu halipo. Sijasahau, na sitaki kudanganya watu hapa kwamba nimesamehe.

Sasa na nyie mnaokimbilia kununua msikie: lenzi peke yake haifanyi kitu. Ukuta mweupe nyuma haukupi mzunguko wowote, unataka majani yenye matundu ya mwanga, mwembe, mwarobaini, hata taa za ukumbini. Mtu akae karibu na wewe, mita moja na nusu hadi mbili hivi, majani yawe mbali nyuma yake, lakini sio mbali mpaka yote yayeyuke yakawa uji. Fungua f/2, ukifika f/4 mzunguko unakaribia kuisha. Na mwenye kamera ya APS-C, yaani yenye sensa ndogo (kile kipande kinachopokea mwanga), ajue inakata pembeni, na pembeni ndo penye mzunguko; fulfremu, yenye sensa kubwa, ndo inakupa yote. Narudia, angalia nyuma ya mtu kabla ya kumwangalia mtu.

Otofokasi hakuna, unafokasi kwa mkono. Kwenye mirrorless (kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani) washa piking, ile rangi inayoonyesha palipofokasi, kuza jicho la mtu kwenye skrini, zungusha pete ya fokasi taratibu, na kwenye menyu ruhusu kamera ipige bila lenzi maana haitaitambua. Maharusi wanaingia ukumbini wanacheza? Weka lenzi yako ya kawaida, usilete ushujaa kwenye hela ya watu. Vijana mnapenda sifa kuliko kazi, mteja haulizi ulifokasi kwa mkono au kwa mguu.

Kabla hujalipa mulika tochi ndani ya vioo, ukiona nyuzi nyuzi hiyo ni fangasi, achana nayo, na sisi wa pwani na joto hili tuitunze kwenye kopo lenye mfuniko na vile vipakti vya silika geli.

Adapta, ile pete ya kuunganisha lenzi na kamera, ni ya M42, yaani lenzi inafungwa kwa kuzungusha kama skrubu. Canon DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani) inakubali vizuri, ila kwenye fulfremu zake nyingine kioo hicho kinaweza kugonga mgongo wa lenzi ukifokasi mbali, sikilizia. Nikon DSLR na adapta isiyo na lenzi ndogo ya kusahihisha ndani yake haifiki fokasi ya mbali kabisa, ila potreti za karibu utapiga tu bila shida.