Kumpangisha mtu asiye na mshahara hapa Kigoma

Ukimaliza kujenga vyumba vyako vya kwanza vya kupangisha, Gungu au Buzebazeba, dalali atakushauri usubiri mwalimu au nesi. Utasubiri sana. Mji huu unaishi kwa dagaa, migebuka, mawese, bodaboda na mizigo inayovuka ziwa, na wengi watakaobisha hodi hawana hati ya mshahara. Nimepangisha watu wa namna hiyo kwa miaka, na wengi ni wapangaji wazuri. Kazi yako ni kujua cha kuwauliza.

Usianze na "unaingiza shilingi ngapi kwa mwezi?" Mvuvi atakutajia usiku uliompendeza. Muulize pesa inaingia lini, na isipoingia anaishije. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa zinapoteza nguvu na mitumbwi mingi inapumzika kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, ufukweni samaki wanakoshushwa. Ukimpangia mvuvi kulipa kila tarehe moja, kuna miezi tarehe hiyo itamkuta mfukoni hana kitu. Mimi nakaa naye na kalenda ya ukutani, tunazungushia kwa kalamu tarehe za mwaka mzima, kila moja ikiangukia mwisho wa siku za giza, akiwa ametoka kuvua. Tarehe hizo ndizo zinazoingia kwenye mkataba.

Halafu kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na aliyeguswa si mvuvi peke yake. Muuza dagaa, mbeba mizigo na mama lishe wa mwaloni wote walibanwa. Anayekula kutoka ziwani muulize miezi ile aliipitaje. Akikuambia alirudi Kasulu kulima maharage, au alifyatua matofali, huyo ana pa kushika siku ikiwa mbaya. Akibaki kulaumu tu, endelea kumuuliza.

Daftari la kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, linasema mengi kuliko barua yoyote. Mama mmoja muuza dagaa aliniletea lake, amelifunga kwenye kipande cha kanga. Wiki nyingi alikuwa amenunua hisa tano, nyingine moja, na wiki ambayo hakununua hata hisa bado alikuwa ametoa mchango wa mfuko wa jamii. Mkopo wake ulirudi kidogokidogo hadi ukaisha. Nilimpa chumba siku hiyohiyo. Biashara yake ilikuwa inapanda na kushuka, yeye mwenyewe hakuyumba.

Kwa bodaboda, uliza pikipiki ni yake, ya bosi, au ya mkataba, yaani anamlipa bosi kidogokidogo hadi iwe yake. Mwenye mkataba anatanguliza hesabu, yaani malipo ya bosi, kila siku, kwa hiyo mwache akutumie kodi kwa simu kila wiki badala ya kusubiri mwisho wa mwezi.

Barua ya mwenyekiti wa mtaa ichukue, ila inathibitisha anakoishi, haithibitishi kama analipa. Nenda mwenyewe kwa mwenye nyumba wake. Ukiweza, mtafute na wa kabla ya huyo, kwa sababu wa sasa anaweza kumsifia ili amwondoe kwake. Na tafadhali, usimkatae mtu kwa sababu lafudhi yake inafanana na ya Burundi. Kiha cha hapa Kigoma na Kirundi ni lugha jirani, na mambo ya uraia yana wahusika wake.

Jambo ninalolipinga kwa nguvu zote ni kumdai kodi ya miezi sita mtu wa kipato cha siku. Ataileta, lakini ataitoa kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na miezi sita ijayo atakuwa anawakimbia wakopeshaji huku chumba chako kimefungwa kwa kufuli lake. Mimi nachukua miezi miwili na amana ya mwezi mmoja, risiti natoa kila malipo. Akichelewa akanipigia mapema, tunaandika tarehe mpya chini ya mkataba uleule na wote tunasaini. Akinyamaza, namwita kwa mwenyekiti wa mtaa, na ikishindikana lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Vyombo vyake sivitoi nje.

Unayemkataa mwambie siku hiyohiyo na umtajie sababu. Asije akakosa chumba kingine Mwanga kwa sababu alikuwa anakusubiri wewe.