Anko, Rav4 itapanda Hamsini na Saba?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi na wife na washkaji wawili tunataka kwenda hifadhi ya Kitulo kuona maua, tunatokea Dodoma, gari ni Rav4 ya zamani ya automatiki ila ni fowili. Sasa watu wananitisha na ile barabara ya Chimala yenye kona 57, wengine wanasema bora tuzungukie Isyonje. Na wife akiona kona tu anatapika, halafu anaogopa makorongo. Twende lini na tupite wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Rav4 itapanda, wala usitishike, kupanda sio ishu kabisa. Ishu ni kushuka. Chimala pale lami ipo kwenye mita kama 1,100 tu, na uwanda wa Kitulo uko kwenye 2,600 hivi, yaani huo mwinuko wote ukiushuka na automatiki umeiacha kwenye D huku mguu uko kwenye breki kona baada ya kona, breki zinapata moto, harufu inaanza, halafu pedali inakuwa laini inazama tu. Hapo ndo watu wanapata shida. Kwa hiyo mimi ningepanda Chimala kwenda Matamba, kule juu kona zinapoishia, nikatembea Kitulo, halafu nikatokea Isyonje mpaka barabara ya Mbeya–Tukuyu. Kote kote kwenye mteremko weka gia kwenye L au 2, injini ndo ikushike, breki gusa uachie.

Kuhusu muda sasa, hapa ndo pana mtego. Maua yanachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili, na hiyo ndo mvua yenyewe, kwa hiyo ukitaka barabara kavu utakuta nyasi, ukitaka maua utakula utelezi. Juni mpaka Agosti ni baridi na ukungu, usijisumbue. Mimi nasema nenda na mvua ila panda asubuhi sana, mvua za kule mara nyingi zinasubiri mchana, na kabla hujaacha lami simama pale Chimala uwaulize madereva wanaoshusha viazi kutoka Makete, hao wanajua kona ipi imekatika kuliko ramani yoyote ya kwenye simu. Wakisema leo hapana, basi zunguka Isyonje. Jaza na mafuta hapo hapo, tairi angalia kashata zake, kipara usipande nacho.

Njiani piga honi kila kona. Utakutana na Fuso imejaza viazi, inachukua barabara nzima ili ikunje, konda kaning'inia mlangoni anakuonyesha mkono usimame, we simama tu mpishe, usianze kubishana nani ana haki. Na sehemu ikiwa pana paki ushuke uangalie nyuma, bonde lote la Usangu na mashamba ya mpunga ya Mbarali liko chini yako, aisee picha za hapo hazihitaji filta.

Juu kule wenyewe wanaita Bustani ya Mungu. Imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kuna maua ya okidi aina 45, na moja ya sababu za kuilinda ni kwamba watu walikuwa wanachimba viazi vya hizo okidi vinapelekwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha kule. Ila usitegemee kuyaona maua umekaa kwenye gari kama simba wa Serengeti, mengine madogo mno, shuka utembee, na beba jaketi zito maana wa Dodoma mtatetemeka.

Wife mkalishe mbele, asishibe sana asubuhi, simu asiiangalie kabisa njiani. Akikuuliza akae upande gani ili asione korongo, mwambie ukweli tu, barabara inajikunja kila saa, korongo likiwa kushoto kwake kona inayofuata linahamia kulia, labda afumbe macho mpaka Matamba.