Jibu: Tiketi za Disneyland Paris kwa watoto watatu, punguzo liko wapi?

Habari dada, pole na maandalizi. Nimekuelewa: mnatoka Iringa kwenda Ufaransa mwezi wa saba, watoto wana miaka 2, 7 na 11, na bei ya tiketi za Disneyland Paris imekukata maini.

Kabla ya kuhangaika na punguzo, angalia tarehe. Bei inapanda na kushuka kulingana na siku, na shule za kule zinafunga mwanzoni mwa Julai. Za kwetu zinafunga Juni, kwa hiyo mkiweza sogezeni safari iwe Juni, Jumanne au Alhamisi. Kalenda ya bei iko kwenye tovuti yao wenyewe.

Halafu umri. Chini ya miaka 3 ni bure, huyo mdogo usimnunulie. Wa 11 analipa bei ya mtoto, ila akifikisha 12 kabla ya siku ya kuingia, tayari ni mtu mzima. Pale Disneyland bustani za michezo ziko mbili. Kwa siku moja nunueni tiketi ya bustani moja tu, saa kumi watoto wameshachoka.

Mimi niliwahi kununua "ofa" kwa jamaa wa kundi la WhatsApp, nimekaa zangu Mwanjelwa namtumia hela kwa simu. Ikaja picha ya tiketi iliyokwisha kutumika. Tulilipa upya palepale getini, na mke wangu hakunisemesha mpaka jioni.

Kadi ya benki nayo, ulizia kama imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni. Yangu iligoma mpaka nilipokwenda tawini.