Semina imeisha, laktomita imerudi kabatini

*Maswali ya wasomaji kuhusu kazi. Anayejibu ni mkunga mstaafu aliyefundisha wahudumu wa wodini kwa miaka mingi.*

Shikamoo mama. Nasimamia kituo cha kukusanyia maziwa huku Tanga, nina wapokeaji watano. Mwezi wa pili tuliwapeleka semina ya siku mbili: ukumbi wa hoteli, chai na vitafunio, posho, vyeti. Walifundishwa kutazama na kunusa maziwa, kutumia laktomita (kile kipimo kinachoelea kwenye maziwa kuonyesha kama yametiwa maji) na kupima kwa alkoholi kama yameanza kuchacha. Mtihani wa mwisho walifaulu wote. Wiki sita baadaye tenki zima likachacha kwa sababu ya keni moja iliyomiminwa bila kupimwa. Nilipomuuliza aliyepokea akasema, "Nilisahau, dada." Mkurugenzi anataka turudie semina ileile. Nifanyeje ili wanachofundishwa kiwakae?
*Msimamizi, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa tenki, na pole zaidi kwa wafugaji ambao maziwa yao mazuri yalimwagwa pamoja na yale mabovu.

Mwombe mkurugenzi, kwa heshima, asilipie ukumbi kwanza. Wapokeaji wako walishafundishwa. Tangu warudi kuna aliyewauliza tena walichojifunza? Barua yako haisemi, nami nahisi hakuna.

Nikueleze yaliyonipata mimi. Nilikwenda kwenye mafunzo ya kumhudumia mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua. Nilifanya mazoezi kwa mwanasesere, nikafaulu, nikarudi na cheti. Kama miezi miwili baadaye, zamu ya usiku, mtoto akazaliwa kimya. Nilimkausha, nikamsugua mgongo, hajalia. Nikageuka kuchukua ambu, ule mfuko wenye barakoa wa kumpulizia mtoto hewa, haipo mezani. Ilikuwa imefungiwa kabatini, na ufunguo kaondoka nao mtu wa zamu ya mchana. Tulipovunja kufuli nikaiweka barakoa usoni kwa mtoto, hewa ikawa inavujia pembeni, kifua hakiinuki. Nilijua kuna kitu cha kurekebisha, kichwa cha mtoto au mkao wa barakoa, lakini nilikuwa nakitafuta kichwani kama mtu anayetafuta sindano gizani. Mwenzangu ndiye aliyeusogeza mkono wangu. Mtoto alilia, alhamdulillahi. Ila tangu usiku ule sijawahi kukihesabu cheti kuwa ni ujuzi.

Baadaye Hospitali ya Haydom, kule Manyara, walilipima jambo hilihili kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 2010 wahudumu wao walifundishwa kwa siku moja mpango wa Helping Babies Breathe, unaosisitiza kwamba mtoto asiyepumua asaidiwe ndani ya dakika ya kwanza, ile tunayoiita dakika ya dhahabu. Miezi saba baadaye wakajaribiwa tena kwa mwanasesere, wakaonekana wamepanda sana kuliko kabla ya mafunzo. Lakini ndani ya chumba cha kujifungulia, kwa watoto wenyewe, utendaji haukubadilika. Hebu irudie sentensi hiyo. Mtihani wanaufaulu, kazi iko palepale. Si ndiyo hadithi ya wapokeaji wako?

Haydom hawakurudi ukumbini. Walileta mazoezi wodini: dakika tatu mpaka tano kila wiki, palepale kazini, na marudio ya kama dakika 40 kila mwezi, yakisimamiwa na wenzao wa hapohapo. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Nikiisoma takwimu hiyo naona nyuso.

Sababu yake si ngeni kwetu. Mimi ni mtoto wa Pangani, nilisoma chuo cha Kurani. Mwalimu wetu hakuwa anatusomesha sura upya kila tukisahau. Alikuwa anakuketisha mbele yake na kukwambia, "Haya, nisikilizishe." Ukikwama anakaa kimya kidogo akuache uitafute aya mwenyewe, ukishindwa kabisa ndipo anakupa neno moja la kuanzia. Na kila aliyehifadhi juzuu anajua kwamba bila muraja, yaani kuirudia mara kwa mara, inaponyoka. Kinachokaa kichwani ni kile ulicholazimika kukitoa mwenyewe, mara kwa mara, kwa nafasi kati ya mara moja na nyingine. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: usahaulifu huja kwa kasi katika saa za mwanzo na siku ya kwanza, kisha hupungua mwendo. Kwa hiyo anayesubiri miezi sita ndipo aitishe "semina ya kukumbushana" anakuta mengi yalishaondoka siku nyingi.

Sasa kituoni kwako. Kesho asubuhi, kabla baiskeli ya kwanza haijafika, simama na wapokeaji wako watano kando ya tenki. Usifundishe. Uliza: "Mzee kaleta maziwa ya moto, katoka kukamua sasa hivi. Laktomita inasoma 25. Unafanyaje?" Kila mmoja aandike jibu lake kwanza bila kumtazama jirani, kwa sababu ukiuliza kwa mdomo atajibu yule hodari na wanne watatikisa kichwa. Wengine wataandika, "Kaweka maji, yakataliwe." Hapo ndipo somo lilipo. Maziwa mazuri kwa kawaida husoma kati ya 26 na 32, lakini yakiwa na joto laktomita huzama zaidi na kusoma chini ya ukweli. Ukiyakataa bila kupima joto, umemwita mwizi mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kukamua ng'ombe wake. Inabidi yaachwe yapoe, ukoroge taratibu bila kutia povu, ujaze silinda, laktomita ielee bila kugusa ukuta, na jicho lishuke mpaka usawa wa maziwa. Itazameni pia laktomita yenyewe, imeandikwa isomwe maziwa yakiwa na nyuzi ngapi za joto. Acha waitafute njia hiyo wao kwa wao, wabishane. Wewe ingia mwishoni kunyoosha.

Dakika tano, basi. Keshokutwa swali lingine, la alkoholi: unachanganya kiasi gani na kiasi gani, na ukiona vibonge ubavuni mwa bomba maana yake nini. Wiki ijayo rudisha lile la laktomita kwa sura nyingine, usiwape taarifa. Baadaye wiki mbili zikipita, kisha mwezi. Siku moja wewe mwenyewe tia maji kwenye keni moja, uipange kwenye foleni uone nani ataikamata. Ila waambie tangu mwanzo kwamba siku moja utafanya hivyo na kwamba hakuna atakayekatwa mshahara. Mtu akiadhibiwa kwa kukosea zoezi, kuanzia siku hiyo atayaficha makosa ya kweli.

Kuna jambo jingine lililonikaa moyoni tangu nisome barua yako. "Nilisahau" ni jibu la adabu anapoulizwa na mkubwa wake. Nenda kituoni saa kumi na mbili unusu, foleni ikiwa ndefu, boda boda wanapiga honi, wafugaji wanalalamika watoto wamechelewa shule. Laktomita iko wapi saa hiyo? Iko mezani, au kabatini kwako isivunjike? Alkoholi ipo, au iliisha wiki iliyopita na ombi bado lipo ofisini? Mpokeaji akisema, "Subirini nipime," nani atasimama upande wake mfugaji mkubwa akianza kufoka? Kama hakuna, huyo hakusahau, alichagua amani. Hilo mazoezi hayaliponyi. Ni wewe na mkurugenzi mtakaoliponya, na msipoanza nalo, maswali yangu yote ya asubuhi yatawaudhi tu. Siku mbili za kwanza simama wewe kwenye mizani, upime kila keni mbele ya foleni, na atakayefoka akufokee wewe.

Fedha ya ukumbi itumieni kununua laktomita tatu za akiba.

Asalaam aleikum mama. Mimi ni mkuu wa mapokezi katika hoteli moja hapa Mombasa. Tunaletewa programu mpya ya kuweka nafasi za wageni. Mdosi ataka tufundishwe siku moja, saa nane mfululizo, tumalize. Mimi naona afadhali saa moja kila siku. Nani ana haki?
*Mapokezi, Mombasa*

Waaleikum salaam. Wewe. Na jambo lenu lilishapimwa kazini zamani. Idara ya posta ya Uingereza ilipotaka kuwafundisha watumishi wake kupiga chapa, Alan Baddeley na mwenzake waliwagawa kwa ratiba tofauti, wakatoa matokeo mwaka 1978. Waliojifunza saa moja kwa siku ndio waliohitaji saa chache kwa jumla kuimudu kibodi, kuliko wale wa saa nne kwa siku. Kwa kuhesabu siku, bila shaka, walichukua muda mrefu zaidi.

Lakini jiandae kwa hili: hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote na ratiba yao. Waliona wanajikokota. Vijana wako nao watasema hivyo siku ya nne, na mdosi atasema, "Si nilikwambia?" Mweleze mapema. Na kila saa hiyo moja ianze kwa kufanya ya jana bila kuangalia karatasi: mgeni kabadilisha tarehe, mwingine kaghairi akidai arudishiwe nusu. Ya leo yafuate baadaye.

Shikamoo dada. Nina miaka 54, ni mlinzi kwenye jengo la maduka hapa Mwanza. Tulifundishwa kutumia mtungi wa kuzimia moto. Niliandika kila kitu, na kila usiku nasoma daftari langu mara mbili au tatu. Nikisoma naelewa kabisa, lakini kiongozi wa zamu akiniuliza ghafla, kichwa kinakuwa cheupe. Naogopa umri umenifikia na wataniondoa.
*Mlinzi, Mwanza*

Marahaba, kaka yangu. Usijishitaki kwa umri kabla ya kubadilisha unavyosoma. Unajitahidi kuliko wengi, ila jitihada umeielekeza pasipo. Ukisoma daftari lako mwenyewe mara ya tatu, maneno unayatambua, na kuyatambua kunakudanganya kwamba unayajua. Mwaka 2006 huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likafunga karatasi na kujaribu kukumbuka mara tatu. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 tu, na wale waliojilazimisha kukumbuka, asilimia 61. Walikuwa vijana wa chuo kikuu, kaka. Nao walisahau.

Basi daftari lifunge. Kila ukiingia zamu, kabla hujaketi, nenda mpaka kwenye mtungi wenyewe ukutani. Tazama mshale wa geji kama uko kwenye kijani. Gusa pini bila kuivuta, useme kwa sauti kinachofuata: navuta pini, naelekeza mdomo wa bomba kwenye shina la moto na si kwenye ndimi zake, nabana mpini, napepesa kushoto na kulia. Mikono nayo ifanye huku unasema, kwa sababu siku ya moto utaitumia mikono, na daftari litakuwa mfukoni. Jioni, ukiwa kwenye daladala, zirudie tena kimoyomoyo. Ukikwama kwenye hatua moja, vumilia kidogo kabla ya kuchungulia. Ikigoma kabisa, ukifika nyumbani fungua daftari, itazame hiyo moja tu, ulifunge.