Jibu: Ubuyu wa zamani, na dansi la redioni

Ndugu yangu, umeuliza kama ubuyu na muziki wa utotoni vilikuwa vitamu kweli au ni sisi tunaozeeka. Kwa ubuyu sisiti: ulikuwa mtamu. Ule wa Zanzibar, shira ya sukari inachemshwa mpaka inate, inatiwa rangi, iliki, chumvi na pilipili kidogo, ndipo ubuyu unamiminwa na kugeuzwa upesi kabla haujashikana. Ukiufyonza, utamu unatangulia, uchachu wa mbuyu unafuata, pilipili inakuja mwisho, na ulimi unabaki mwekundu. Mwingi ninaouonja siku hizi sukari imezidi mno, uchachu hausikiki.

Muziki ni habari nyingine, maana wa leo nao una utamu wake. Ila dansi lile la bendi za Tanzania lilikuwa na subira. Bendi ya NUTA Jazz ilianza 1964, ikabadili jina ikawa JUWATA, kisha OTTU, na watu bado wanaiita Msondo. Bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, ikaja 1978. Wimbo ulianza polepole, mwimbaji akisimulia kisa cha ndoa au mirathi, ukaelewa kila neno. Kisha magitaa yakaanza kujibizana, tarumbeta zikaingia, na hapo ndipo watu waliinuka. Tulikuwa tukirudisha kanda kwa kalamu ili tusimalize betri za redio!

Kama una kanda za zamani, tafadhali usizitupe. Mpe fundi azihamishie kwenye kompyuta mapema, kwa sababu utepe ukikaa kwenye joto na unyevu wa pwani unaharibika.