Kima Imeganda Bonge, Mafuta Yanaelea

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina sufuria ya umeme ya kupika polepole. Asubuhi natia kima, nyanya na maharage makavu mekundu, naenda kazini. Jioni nakuta kima bonge moja, mafuta yanaelea, na watoto wamesusa. – Mama Wawili, Houston

JIBU: Marahaba mwanangu. Kima mbichi usiitumbukize hivyo. Usiku ikaange na kitunguu na tangawizi, uivunjevunje kwa mwiko mpaka iive kabisa, umwage mafuta, uiweke frijini. Asubuhi viazi vilivyokatwa vidogo vikae chini, kima juu, nyanya, bizari, maji nusu kikombe. Mvuke hautoki humo. Mimi mara ya kwanza nilijaza maji kama ya pilau, tukanywa supu siku mbili. Moto mdogo, kwa muda wa saa 7 au 8.

Maharage ndiyo yamenitisha. Yale mekundu mabichi yana sumu, na moto mdogo hauimalizi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yake, yachemshe jikoni dakika 30 kwanza. Au fungua kopo, sitakucheka.

Dania na ndimu tia wakati wa kupakua. Pilipili weka pembeni, yako na baba yao.