Kabla Hujabandua Jina la Nchi Mgongoni

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti wa miaka 19 ambaye nimemfundisha judo hapa Majengo tangu akiwa darasa la sita. Aliniamkia kwa heshima, kisha akaandika: “Kocha, kuna nchi nyingine inanitaka. Hapa nimechoka kuachwa kila timu inapotajwa. Hata Mollaei alihama na akapata medali. Nipe baraka zako.” Niliusoma mara tatu nikiwa ndani ya feri ya Likoni, na niliposhuka ng’ambo nilikuwa bado sijajua la kumjibu. Namjibu hapa kwa idhini yake, kwa kuwa wenzake wenye swali hilo ni wengi.

Kisa cha Saeid Mollaei husimuliwa nusu. Mwaka 2018 alikuwa bingwa wa dunia wa judo katika uzito wa kilo 81 akiichezea Iran. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, wakubwa wa nchi yake walimshinikiza asiendelee, ili asije akakutana na Sagi Muki wa Israeli. Alishindwa katika nusu fainali, na badala ya kurudi nyumbani akaenda Ujerumani kwa kuhofia usalama wake. Mongolia ikampa uraia, na kwa bendera hiyo akatwaa medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 2021. Baadaye akahamia Azerbaijan. Mtu huyo hakuachwa nje ya timu; yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya timu. Alihama kwa sababu kurudi kwao kulikuwa hatari. Wewe, mwanangu, unahama kwa hasira.

Hasira hiyo naijua. Nilipokuwa na miaka 23, klabu yangu ilinikata jina katika safari ya Nairobi, akapelekwa mtu niliyemwangusha mara mbili mbele ya ukumbi mzima. Wiki hiyo hiyo timu ya taasisi moja ya bara ikaniahidi ajira na chumba. Usiku nilikaa kitandani na wembe, nikakata uzi mmoja mmoja wa kitambaa chenye jina la klabu kilichoshonwa mgongoni mwa judogi yangu, yaani nguo ya kuchezea judo, ambayo mama alinishonea kwa amerikani maradufu kwa kuwa ya dukani hatukuiweza. Kitambaa kilipotoka, matundu ya sindano yalibaki yamezunguka mraba mweupe kuliko nguo yenyewe. Asubuhi nikapanda basi bila kumuaga mtu.

Klabu niliyoiacha ilikataa kuniandikia barua ya kuniachilia. Ile mpya nayo haikuwa na haraka ya kuidai, kwani tayari ilikuwa na kijana wa uzito wangu, jambo ambalo sikuwa nimeuliza. Nilikaa miezi 14 nikifanya mazoezi bila kushindana, na ajira niliyoahidiwa ikawa kibarua cha siku. Mama aliponipigia simu hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nakula. Niliporuhusiwa kucheza nilipata shaba, na shaba hiyo naionea fahari hadi leo, lakini miezi ile hakuna aliyenirudishia, na kuikumbuka bado kunaniuma.

Kwa hiyo barua itangulie safari. Kwako wewe ni nzito zaidi, kwa sababu kanuni za Olimpiki zinamtaka mchezaji aliyekwisha kuiwakilisha nchi moja asubiri miaka 3 kabla ya kuichezea nyingine, isipokuwa kamati za nchi zote mbili na shirikisho la kimataifa la mchezo wakubali kuupunguza muda huo. Kiongozi unayemtukana leo katika kikundi cha WhatsApp huenda ndiye atakayeulizwa kesho kama anakuachilia.

Halafu tazama ni nani mwenye uzito wako huko uendako. Christa Deguchi alikulia Japani, ambako wanajudo hodari wa kilo 57 ni wengi, na mwaka 2017 akaamua kuichezea Kanada, nchi ya baba yake. Miaka 2 baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Hata hivyo, Olimpiki huruhusu mchezaji mmoja tu wa kila nchi katika kila uzito, na Kanada ilikuwa na Jessica Klimkait, bingwa wa dunia wa mwaka 2021, ambaye ndiye aliyekwenda Olimpiki ya Tokyo. Bingwa wa dunia aliyehama ili apate nafasi akabaki nje. Alisubiri hadi Paris mwaka 2024, akaipatia Kanada dhahabu yake ya kwanza ya judo, akimshinda Huh Mimi wa Korea Kusini, ambaye pia alikulia Japani.

Vijana wangu, ahadi ya simu si mkataba. Katiba yetu ya mwaka 2010 inaruhusu uraia pacha, lakini nchi inayokuita huenda isiuruhusu, na ukiumia goti ukiwa huko lazima ijulikane mapema ni nani atakayelipa hospitali. Ulizeni mambo haya kwa sauti, mbele ya wazazi wenu, na majibu yaandikwe.

Baraka zangu unazo, mwanangu, ila usitie sahihi bado. Jumamosi baada ya alasiri njoo na mama yako na huo mkataba, tuusome ukurasa kwa ukurasa. Kitambaa cha Kenya usikiguse kwanza.